Mfupa wa kuchapwa na mashini: hesabu inapigwa kwa mwili wa nani?

Risasi ikipiga mfupa wa mguu haitoboi tu kama msumari kwenye ubao. Inapasua mfupa vipande vipande, inachana nyama, inaingiza ndani uchafu wa nguo na udongo. Munganga akimaliza kusafisha na kutoa vipande vilivyokufa, kunabaki pengo: sentimetre tatu, tano, wakati mwingine kumi. Mfupa uliovunjika unajua kujiunga wenyewe, lakini pengo kubwa hauwezi kuliruka. Njo hapo swali linafika kwa familia inayongoja mu koridoo: mguu unabaki ao unakatwa?

Wakaaji wa Goma, Masisi, Beni, Bunia na Uvira hawahitaji kufundishwa swali hilo. Kwa hiyo si ajabu kwamba habari za "mifupa ya kuchapwa na mashini" zinapita haraka kutoka simu moja mpaka ingine. Katika video hizo tunaona mashini ndogo inaenda kushoto na kuume, inatoa uzi wa plastiki, na kiisha kunatokea kitu cheupe chenye umbo la mfupa. Sauti inasema kwamba kukatwa mguu kumekwisha duniani. Watu wanauliza: hapa kwetu itafika siku gani?

Jambo lenyewe ni la kweli, lakini si vile video zinalionyesha. Mashini ya kuchapa ni sehemu nyepesi. Kazi nzito inafanyika mbele yake, ndani ya ordinatere, na ni kazi ya hesabu. Nani anapiga hesabu hiyo, inajaribiwa namna gani, na inapigwa kwa mwili wa nani? Tunaona vizuri kufungua maswali hayo sasa, juu inchi kubwa ziko zinabadilisha sheria zao ili hesabu ya ordinatere ipokelewe kama ushahidi mbele ya kugusa mgonjwa.

Pengo na dawa zake za leo

Tuanze na kile kipo. Munganga anayekuta pengo katika mfupa anaanza mara nyingi na fiksatere: vyuma vinavyopita katika ngozi na kushika vipande viwili vya mfupa kutoka inje. Watu wa Goma wameizoea kuiona, hasa pembeni ya hospitali ya CBCA Ndosho, pale CICR inasaidia upasuaji wa waliojeruhiwa na vita. Lakini fiksatere inashika tu, haijazi. Ili kujaza, munganga anaweza kutoa mfupa kidogo katika kiuno cha mgonjwa mwenyewe na kuupandikiza; wanaita grefe. Kiuno hakina akiba ya kutosha kwa pengo kubwa, na kinabaki na kidonda cha pili chenye maumivu yake.

Mfaransa Alain-Charles Masquelet alileta njia ingine katika miaka ya 1980. Wanaweka kwanza kipande cha sima ya upasuaji ndani ya pengo, wanangoja juma sita mpaka nane, mwili unafunika sima hiyo na utando laini wenye damu mingi, kiisha wanatoa sima na kujaza vipande vya mfupa ndani ya mfuko ule. Mrusi Gavriil Ilizarov, kule Kurgan katika Siberia, alikuwa amepata njia yake tangu miaka ya 1950: duara za chuma kuzunguka mguu, mfupa unakatwa mahali pazima, na unavutwa milimetre moja kwa siku. Mfupa mpya unaota nyuma yake. Pengo la sentimetre sita ni siku sitini za kuvuta, kiisha miezi ya kungoja ule mfupa mchanga ukaze. Inaomba uvumilivu mkubwa, na munganga aliyejifunza vizuri. Haiombi mashini ya kuchapa.

Tunazitaja hizo kwa sababu mtu anayeleta kitu kipya hapendi sana kukukumbusha kwamba cha zamani bado kinafanya kazi.

Kiunzi, si mfupa

Kile mashini inachapa si mfupa. Ni kiunzi. Fikiri ile miti wamasoni wanasimamisha pembeni ya nyumba ya ghorofa: si nyumba, lakini bila hiyo hakuna anayepanda kujenga. Kiunzi cha munganga kiko na matundu mengi kama sponji. Kinawekwa ndani ya pengo, na seli, zile chembe ndogo hai zinazojenga nyama na mifupa yetu, zinaingia ndani, zinajishika kwenye kuta zake, mishipa midogo ya damu inafuata, na polepole mfupa unajengwa. Kama kiunzi ni cha plastiki inayoitwa polikaprolaktone, mwili unakimaliza kidogo kidogo kwa miaka miwili ao mitatu. Wamasoni wanabomoa miti yao wenyewe. Hapa miti inajiondoa.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka wa 1993 Wamarekani Robert Langer na Joseph Vacanti waliandika katika gazeti Science makala iliyofanya kazi hii ijulikane kwa jina lake, uhandisi wa tishu, yaani ufundi wa kuotesha nyama na mifupa. Mwaka wa 2006 kampuni Osteopore ya Singapore ilipata ruhusa ya Marekani kwa viunzi vyake vya polikaprolaktone, vitu vidogo vya kuziba matundu ya fuvu la kichwa. Fuvu halibebi uzito wa mtu. Mguu ni mambo mengine. Mwaka wa 2017, kule Brisbane katika Australia, waganga wa hospitali ya Princess Alexandra pamoja na wataalamu wa chuo kikuu QUT walisaidia kijana ambaye mikrobe zilikuwa zimekula mfupa wake wa muundi. Walimwekea kiunzi kirefu cha kuchapwa, zaidi ya sentimetre 30, na walikizungushia nyama yenye mishipa ya damu waliyoitoa sehemu ingine ya mwili wake. Ile nyama yenye damu, video za simu haziitaji, na bila hiyo plastiki ingebaki plastiki.

Ordinatere inahesabu nini

Inaanza na picha. Mgonjwa anapita katika skane, ile mashini inayopiga picha ya mwili vipande vipande kama mkate uliokatwa. Mguu mzima unapigwa pia, ordinatere inaugeuza kama kwenye kioo, na kile kinachokosekana kwa mguu mgonjwa kinaonekana. Hilo njo umbo la inje la kiunzi. Mpaka hapo ni rahisi.

Ndani yake kunawekwa nini? Seli haiwezi kuishi mbali na damu. Ikiwa mbali na mshipa mdogo kupita karibu mikroni 200, sehemu ya tano ya milimetre, oksijeni haiifikii tena. Kiunzi kisicho na njia za kutosha kinakuwa kaburi: seli za pembeni zinaishi, za katikati zinakufa. Mwaka wa 2005 Karageorgiou na Kaplan walikusanya majaribio mengi ya watu mbalimbali na kupendekeza kwamba matundu yapite mikroni 300 ili mishipa ya damu iingie na mfupa uote. Sasa mtu atasema: basi, tufanye matundu makubwa, tena mengi, mambo yameisha.

Hapo nguvu inakatala. Kuna kanuni ya vitu vyenye matundu ambayo Lorna Gibson na Michael Ashby waliieleza: ukitoa nusu ya kitu, ugumu wake haubaki nusu, unabaki karibu robo. Ukikifanya kiwe kitupu kwa 80%, ugumu unaobaki ni karibu 4% tu. Kila masoni anajua kwamba tofali lenye mashimo mengi halibebi ghorofa. Hesabu inamwambia ni kwa kiasi gani.

Na ukiacha plastiki ukachukua chuma, unakuta hatari ya upande mwingine. Mjerumani Julius Wolff aliandika mwaka wa 1892 kwamba mfupa unajijenga kufuatana na mzigo unaobeba. Mfupa usio na kazi unakonda. Titane ya upasuaji ni ngumu mara tano hivi kuliko mfupa wetu mgumu. Ikiwekwa nzima, inabeba mzigo wote, na mfupa wa pembeni unafanana na kijana anayekaa nyumbani wakati kaka yake analipa kila kitu. Unalegea. Baada ya miaka, chuma kinaanza kucheza.

Hapa msomaji wa Masisi atafungua macho. Chuma kimoja kinachopendwa sana kwa viunzi ni tantale, ile inayotoka katika koltani. Haishiki kutu mwilini, mwili hauikatai, na tangu miaka ya 1990 kuna tantale iliyotengenezwa yenye matundu, tupu kwa 75 mpaka 80%, ambayo ugumu wake unakaribia ule wa mfupa wa ndani ulio kama sponji. Waganga wa inchi tajiri wanaitumia kwa nyonga na magoti, na leo unga wa tantale unachapwa pia na mashini za lazeri. Kongo ni ya kwanza duniani kwa kutoa tantale; Rubaya peke yake inatajwa kutoa karibu 15% ya ile ya dunia nzima. Ni kweli, sehemu kubwa inaenda katika simu na ordinatere, ni kidogo tu inayoingia katika mifupa ya watu. Lakini mchimbaji akivunjika nyonga ndani ya shimo, kitu kinachoweza kumsaidia kilikuwa mu mfuko aliobeba mgongoni. Nani anashika Rubaya na nani anakula ushuru wake, hayo tunayazungumza kila siku mu matangazo. Turudi kwa hesabu.

Ili kutafuta kipimo cha katikati, ordinatere inakata kiunzi vipande vidogo sana, maelfu ao mamilioni, kama nyumba ya vijitofali. Kwa kila kijitofali inauliza: mtu huyu akikanyaga, wewe unabonyea kiasi gani, na unamsukuma jirani yako namna gani? Majibu yote yanaungana, na kwenye kioo rangi nyekundu inatokea pale kitapasuka. Mhandisi anakaza hapa, anapanua pale, anarudia. Kuna umbo moja linalorudi mara nyingi katika kazi hizi, wanaliita jiroidi. Alan Schoen wa NASA njo alilieleza mwaka wa 1970. Ni ukuta mmoja unaojikunja bila kona, na pande zake mbili kuna njia mbili zinazozunguka bila kukutana hata mara moja. Kona kali, pale ufa unapenda kuanzia, haziko, na maji yanapita humo bila shida.

Maji nayo yanahesabiwa. Patrick Prendergast wa Trinity College, Dublin, na wenzake walionyesha mwaka wa 1997 modeli inayotumiwa mpaka leo: seli zikivutwa kidogo na maji yakipita polepole, zinaelekea kuwa mfupa, zikisumbuliwa zaidi zinakuwa gegedu, ile nyama laini ya kwenye viungo, zikisumbuliwa sana zinakuwa kovu tu. Njo maana munganga anakasirikia mgonjwa anayetupa magongo mapema, na anamkasirikia pia yule anayelala miezi bila kugusa mguu chini. Mfupa unataka kusumbuliwa kwa kipimo.

Kiisha kuna wakati. Plastiki inaisha, mfupa unaota, ni mashindano. Plastiki ikiisha kwanza, mguu unavunjika upya. Ikichelewa sana, inashika nafasi ya mfupa. Modeli nzuri haionyeshi siku ya kwanza peke yake. Inaonyesha mwezi wa tatu, wa sita, mwaka wa pili.

Na bado mashini haichapi sawa na mchoro. Uzi wa plastiki ya moto unashuka kidogo mbele ya kukauka, matundu yanafinyika, ukuta mmoja unatoka mwembamba. Maabara inayojiheshimu inapiga picha ya kitu kilichochapwa, inarudisha picha hiyo katika ordinatere, inapiga hesabu upya, kiisha inakivunja kwa makusudi katika presi ili kuona kama kinapasuka pale modeli ilisema. Modeli ambayo haijapambana na kitu cha kweli ni rangi nzuri kwenye kioo tu.

Mabomba mawili ya hewa

Kwa nini tunasisitiza kujaribu? Mwezi wa sita 2011, katika hospitali ya Karolinska kule Stockholm, mpasuaji Paolo Macchiarini alimtolea mgonjwa wa kansa bomba lake la hewa, lile linalopita shingoni kwenda kwa mapafu, na kumwekea la plastiki. Lilitengenezwa kufuatana na picha za skane yake na kulowekwa katika seli zilizotoka katika uboho wa mifupa yake. Mgonjwa alikuwa mwanafunzi kutoka Eritrea aliyekuwa anasoma Iceland. Dunia ilishangilia, gazeti kubwa la waganga The Lancet likachapisha. Mwezi wa kwanza 2014 mgonjwa alikufa. Watu watatu walifanyiwa hivyo Karolinska, na wote watatu walikufa. Uchunguzi wa Uswedi ulikuta kwamba kitu kile hakikujaribiwa vya kutosha kwa wanyama mbele ya kuwekwa kwa mtu. Mwaka wa 2018 The Lancet iliondoa makala zake. Mwezi wa sita 2023 mahakama ya rufaa ya Stockholm ilimkuta Macchiarini na kosa la kuumiza watu vikali na kumpa kifungo cha miaka miwili na nusu.

Wakati ule ule, mwaka wa 2012, katika chuo kikuu cha Michigan, Marekani, munganga Glenn Green na mhandisi Scott Hollister walikuwa na mtoto mchanga ambaye njia yake ya hewa ilikuwa inajifunga yenyewe. Nao walitumia skane, nao walitumia plastiki, ile polikaprolaktone. Lakini hawakutoa kiungo. Walichapa kitu kama gamba lenye mwanya upande mmoja, wakalivalisha njia ya hewa kutoka inje na kuishona humo ili isimame wazi. Hollister alikuwa amefanya kazi ya hesabu za viunzi kwa miaka mingi: gamba liwe gumu kiasi gani lisibonyee, mwanya upanuke namna gani mtoto akikua, plastiki iishe siku gani. Walikuwa wameijaribu kwa nguruwe, wakaomba ruhusa ya haraka kwa FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya waganga. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2013, na mwaka wa 2015 walieleza watoto watatu waliosaidiwa kwa njia hiyo.

Kwa maoni yetu, tofauti kati ya timu mbili hizo haiko katika akili wala katika plastiki. Michigan waliuliza swali dogo ambalo hesabu inaweza kujibu: kitu hiki kitashika ao hakitashika? Stockholm waliomba plastiki isiyo na hata mshipa mmoja wa damu igeuke kiungo hai. Mtu angerudi tu kwa zile mikroni 200 tulizotaja juu, angeona kwamba swali la kwanza, damu itatoka wapi, halikuwa na jibu. Na tusisahau mgonjwa alikuwa nani: Mwafrika kijana, mbali na kwao, mwenye kansa. Mtu aliye katika hali hiyo haulizi mingi.

Sheria zinageuka

Mwaka wa 2018 shirika la wahandisi la Marekani ASME lilitoa kanuni, V&V 40, inayosema modeli ya ordinatere iaminiwe kwa kiasi gani katika vifaa vya waganga. Wazo lake ni la busara: kadiri kosa la modeli linaweza kuumiza mtu, ndivyo ushahidi wa kuithibitisha uwe mwingi. Mwezi wa kumi na moja 2023, FDA nayo ilitoa mwongozo wake wa mwisho juu ya jambo hilo. Upande wa dawa, sheria iliyotiwa sahihi Marekani mwezi wa kumi na mbili 2022 iliondoa lazima ya kujaribu kwa wanyama kwanza na kutaja modeli za ordinatere kati ya njia zingine. Mwezi wa nne 2025, FDA ikatangaza mpango wa kupunguza wanyama katika dawa za aina ya antikorpi.

Dawa si kiunzi, lakini upepo ni mmoja. Na si upepo mbaya. Hesabu iliyothibitishwa inaokoa wanyama, inapunguza gharama, inaonyesha kosa ambalo munganga angeligundua ndani ya mguu wa mtu. Shida ni ingine: kule kuna watu wanaolipwa kusoma hesabu na kuuliza namba hii imetoka wapi. Kwetu kazi ya kusimamia dawa na vitu vya afya iko kwa ACOREP, na kazi iliyo mezani pake, dawa za bandia na zile zinazoingia bila karatasi, kila mkaaji wa mpakani anaijua. Kitu kikifika na muhuri wa Ulaya ao wa Marekani, ni rahisi kusema: wameshahesabu.

Wamehesabu, ndiyo. Lakini kwa mwili gani?

Modeli inaomba mzigo. Mhandisi wa mbali anaandika mtu wa kilo 70 ao 80, anatembea mahali tambarare, juma za kwanza kwa magongo, kiisha mazoezi na mtaalamu wa kine. Kutembea tu kunaweka kwenye goti nguvu inayofika mara mbili ao tatu ya uzito wa mwili. Sasa weka juu yake bidoni ya litre 20 ya mama anayepandisha Kadutu: kila hatua goti linaona nguvu kama ya kilo 40 mpaka 60 zaidi, bado hujahesabu mteremko na matope. Weka mama wa Walungu na gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Weka kijana wa chukudu. Tunawaambia wasibebe kwa miezi sita, na wanaitika "ndiyo, dokta", juu hakuna jibu lingine la kumpa dokta. Lakini ni nani atalisha nyumba? Na hakuna programu ambamo mtu ameandika: mgonjwa anakimbia vita usiku na fiksatere mguuni.

Modeli haihesabu mikrobe pia, ao inazihesabu vibaya. Kidonda cha risasi ni kichafu, na kitu chochote cha kigeni ndani ya kidonda kichafu ni nyumba ya mikrobe. Kitu chenye matundu elfu ni nyumba elfu. Watafiti wanajaribu kuweka antibiotiki ndani ya plastiki yenyewe. Mpaka hiyo ithibitishwe, kusafisha kidonda vizuri, hata mara tatu, hata mara nne, kunabaki kazi ya kwanza.

Kuna jambo dogo ambalo mwuguzi wa sali ya upasuaji ataliona mbele ya mhandisi. Polikaprolaktone inayeyuka kwenye joto la karibu digri 60. Otoklave inapika vyombo kwenye 121 na zaidi. Kiunzi cha namna hiyo kinasafishwa kiwandani, kwa gazi ao kwa miali, na kinafika katika mfuko uliofungwa. Kikianguka chini siku ya upasuaji, hakirudi katika otoklave. Kitatoka humo kama mshumaa uliowaka. Lazima kuwe na cha pili, ao mgonjwa afungwe na kungoja.

Kuna pia skane, ambayo si kila hospitali iko nayo, na picha za kufuata mwezi wa tatu, wa sita, mwaka, miaka miwili. Kwa mtu aliyehama kutoka Kibumba kwenda kambi, kutoka kambi kurudi Kibumba, hizo picha ni ndoto.

Lakini hesabu yenyewe njo sehemu ambayo haiombi kontena. Programu zinazofanya kazi tuliyoeleza zinapatikana bure: 3D Slicer inasoma picha za skane, FreeCAD inachora, CalculiX inahesabu nguvu, OpenFOAM inahesabu maji. Inaomba ordinatere yenye nguvu, kura ambayo haikatiki kila saa, na vijana waliosoma hesabu. Vyuo vikuu vya Bukavu, Goma na Butembo viko na vijana hao. Wanaweza kuanza na kitu ambacho hakuna maabara ya Brisbane itakuja kuwafanyia: kupima mizigo ya watu wa hapa, bidoni, gunia, mteremko, hatua kwa siku, na kuiandika kwa namna modeli inaweza kuisoma. Haiombi hata upasuaji mmoja.

Na kama shirika ao kampuni ikifika leo na kiunzi mkononi, munganga na familia wanaweza kuomba waone kilivunjwa wapi katika presi na kwa uzito gani, kilijaribiwa kwa mnyama gani, mzigo ulioandikwa katika hesabu ulikuwa wa mtu anayefanya kazi gani, na nani atapiga picha za mguu baada ya mradi kufunga. Ila mbele ya hayo yote kuna swali ambalo mpasuaji yeyote wa mifupa anaweza kulijibu papo hapo, na mgonjwa asione haya kuliuliza: kwa pengo langu hili, kwa nini si sima ya Masquelet, kwa nini si duara za Ilizarov?